Kabla ya Kushika Makasi, Tembea Kwanza Kando ya Barabara

Hotuba kwa wapanda bustani wa Nakuru, wiki ya mwisho ya Februari

Mwenyekiti, akina mama, akina baba, na vijana wa vitalu mlioiacha miche yenu na jua hili mkaja kutusikiliza, hamjambo.

Wiki hii bustani za Nakuru hazitazamiki. Agapanthasi zimeungua ncha, kana zimekauka kama karatasi ya kaki, jerbera zimelala chini. Juu ya yote limekaa vumbi, na mji huu wenyewe husemekana ulipewa jina na Wamaasai kwa sababu ya vumbi hilo. Wakati kama huu mkono wa mpanda maua huwasha. Anataka kukata kila kitu, kuchimbua tuta zima, kumwaga samadi na kununua miche mipya Jumamosi hiyohiyo.

Subiri kidogo. Kabla hujakata wala kununua, vaa viatu utembee kilomita moja ya barabara iliyo karibu nawe, polepole, macho yakiwa kwenye kingo. Makasi yatakungoja.

Hatusemi hivi kwa mapenzi ya maua ya mwituni. Ni hesabu ya maji tu. Kando ya barabara hakuna mpira, hakuna matandazo, hakuna wa kumwagilia jioni. Mmea uliobaki kijani hapo baada ya Januari na Februari umefaulu mtihani ambao miche ya kitalu, inayonyweshwa asubuhi na jioni, haijawahi kuufanya. Ila tazameni umesimama wapi. Lami hainywi maji. Manyunyu yakipiga barabara pana, yote hutiririka hadi ukingoni na kuishia mtaroni, kwa hiyo mmea wa mtaroni hupata maji mengi kuliko mvua yenyewe iliyonyesha. Wengi hudanganyika hapo: mtu anaona kitu kimenawiri mtaroni, anakipanda kwenye tuta kavu la nyumbani, kinakufa kwa kiu, kisha anailaumu mbegu. Wa kuaminiwa ni ule ulio juu ya ukingo, pale katapila lilipokata kilima na kuacha udongo wazi.

Ukitoka Gilgil kuja huku, utakaoanza kuuona ni mleleshwa. Jani lake ni la kijivu, chini lina manyoya mafupi kama blanketi, na ukilifikicha linanukia kafuri. Manyoya hayo ndiyo siri yake, maana hupunguza maji yanayopotea kwa upepo na jua. Wengi huuona kichaka cha kuni tu, na kwa maoni yetu ni dhuluma. Ukikatwa mara kwa mara hufanya ua mzuri wa rangi ya fedha nyuma ya maua ya rangi kali, na hata ukikatwa hadi chini huchipua tena. Jueni tu kwamba kuna mleleshwa dume na jike, kila mmoja mti wake. Pamba nyeupe ya mbegu mtaiona kwa jike peke yake.

Mwamba-ngoma nao wakati huu huweza kuwa umepukutisha majani yote na kubeba maua mekundu matupu. Waluhya huuita murembe, Wajaluo orembe. Huota kwa kukata tawi nene kama mkono, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, na kuliacha kivulini siku kadhaa hadi jeraha likauke kabla ya kulisimika. Ukilipanda likitoa utomvu, linaoza. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu, kwa hiyo usiusimike mahali watoto wadogo wanapochezea. Na kwa Waluhya huu ni mti wa viapo: ukitaka tawi katika boma la mtu, omba kwanza, usije na panga lako kimyakimya.

Lakini kama tungechagua mmea mmoja tu wa barabarani kwa bustani ya Nakuru, tungechagua leonotisi. Mnaujua hata kama jina ni geni: shina limesimama wima, limetoboa vipira vyenye miiba, kipira juu ya kipira kama nyama kwenye mshikaki, na kila kipira kimezungukwa na maua ya rangi ya chungwa. Watoto huyachomoa na kunyonya utamu wake. Ndege chozi hushinda hapo kutwa. Februari maua mengi yameisha na vipira vimekauka, na hiyo ndiyo nafasi yenyewe. Chukua kipira kimoja ukichungulie kwa karibu. Kimejaa vikombe vidogo vigumu vyenye ncha kali, na chini kabisa ya kila kikombe kuna mbegu zisizozidi nne, za kahawia iliyokolea, zenye kona tatu. Kikombe kikiwa bado na rangi ya kijani, mbegu hazijakomaa. Vaa glavu, kata shina zima, liinamishe kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi na uligongegonge. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu hubaki ndani na mbegu huota ukungu.

Hapa pana mtego. Leonotisi ya kando ya barabara ni zaidi ya moja. Ile yenye jani pana lenye umbo la moyo na kikonyo kirefu, na vipira vikubwa sana, huishi msimu mmoja tu, ikatoa mbegu, ikafa. Ipo nyingine, hasa sehemu za juu, ambayo shina lake limekuwa mti kwa chini na jani lake ni laini kama mahameli upande wa chini. Hiyo ndiyo ya kudumu. Kwa hiyo kabla ya kuchukua mbegu, inama utazame shina linapoingia ardhini. Likiwa na ubao wa mwaka jana na machipukizi mapya yanatoka hapo, umeipata. Mbegu zipandwe kwenye trei, zifunikwe kwa udongo mwembamba wa milimita 3 hivi, na miche ihamishwe ikifika kimo cha kidole. Usiipe samadi. Ikishiba hurefuka, hulala chini na kuchelewa kuchanua.

Mishubiri mtaiona pia, imesimama kwenye mawe na majani yake yamegeuka mekundu kwa jua. Itazameni, msiing'oe. Karibu mishubiri yote ya Afrika, isipokuwa ile inayojulikana duniani kote kama Aloe vera, imo katika orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini. Mbali na sheria, mshubiri mkubwa uliong'olewa ukakatika mizizi mara nyingi hukaa miezi mingi ukinyauka kisha huoza katikati. Nunueni mshubiri mchanga, uliooteshwa kitaluni. Utaupita kwa mbali ule wa kuibwa.

Walio na safari za Kisumu wana somo jingine. Barabara hupita Mau Summit, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ikateremka Kericho hadi kwenye ziwa, mita 1,130 hivi. Ni kama kuvuka nchi mbili. Tofauti ya kimo ikizidi mita 500 baina ya mahali ulipouona mmea na nyumbani kwako, tia shaka. Ua la mwenge, lile jekundu na njano linalosimama kama moto kwenye mabonde yenye maji ya nyanda za juu za Mau na Elgon, hupenda baridi na mizizi yenye unyevu. Likipelekwa Kisumu halidumu. Kinyume chake ni ule mtambaa wenye ua la chungwa na jicho jeusi katikati, unaokwea ua wa majumba kuanzia Kericho hadi Kakamega. Huo huota karibu kila mahali. Kakamega utafunika tuta lako lote, Nakuru hukaa kwa adabu kwa sababu maji ni haba.

Kuna mimea ya kando ya barabara ambayo ukiiona unapaswa kuogopa. Gugu karoti lina jani kama la karoti na vijiua vyeupe vidogo kama punje. Hutoa mbegu kwa maelfu, huwasha ngozi za watu wengi, na husafiri kwa lori la murram, samadi au nyasi za ng'ombe. Ndiyo maana lori la udongo lisimwagwe moja kwa moja kwenye tuta. Limwagwe pembeni, liloweshwe, liachwe wiki tatu, uone kinachoota. Ukiona kishada cha majani ya karoti kimelala chini, king'oe na mizizi kabla hakijachanua, ukiwa na glavu. Wenyeji wa Siaya, Busia na Vihiga wanakijua kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo. Ua lake la zambarau ni zuri kweli, na mgeni anaweza kushawishika kulichuma. Usilichume. Mbegu zake ni kama vumbi, mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, na hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri mzizi wa mahindi au mtama. Ukipita shamba lenye kiduha, safisha viatu na jembe kabla ya kuingia kwako. Mkalamu, lile ua la miali ya moto, tunaupenda, lakini kila sehemu yake ni sumu, na kiazi chake ndicho kibaya zaidi. Kinafanana na viazi vya kuliwa kiasi kwamba hakipaswi kulala jikoni hata usiku mmoja.

Sasa turudi nyumbani.

Vitabu vingi vya bustani vinavyouzwa hapa vimeandikwa Ulaya, navyo husema mimea ya kudumu igawanywe mwishoni mwa kiangazi. Watu huisoma sentensi hiyo, hutazama jua la Februari, kisha huchimba. Kosa. Huko kwao, mwisho wa kiangazi udongo bado una joto na mvua ya vuli i karibu kunyesha. Kinachotakiwa ni joto na mvua, si jina la mwezi. Kwetu hali hiyo huja mvua za masika zinaposhika vizuri, kwa kawaida Aprili. Mvua moja ya Machi isikudanganye. Ngoja mbili nzuri zipite, uchimbe kwa jembe uone unyevu umeshuka sentimita 20. Ndipo ugawe.

Februari ina kazi zake. Ya kwanza ni kuondoa vilivyokufa tu: maua makavu, mabua, majani ya kahawia kabisa. Jani lenye nusu kijani liache, maana linakitia kivuli kitovu cha mmea, pale machipukizi yanapotokea. Ukikata sana sasa, mmea utatoa machipukizi laini ambayo hauna maji ya kuyalisha, na utamaliza akiba yake wiki chache kabla ya mvua.

Ya pili ni sangari, lile gugu la nyasi linalotambaa chini ya udongo. Huu ndio mwezi wa kuipiga. Mizizi yake ikikatwa vipande kwa jembe la kawaida, kila kipande kinakuwa sangari mpya, kwa hiyo tumia jembe uma, inua bonge zima, lipasue kwa mkono, uzivute nyuzi zote. Zianike juu ya mabati au sakafu ya saruji siku nne au tano za jua hili na zitakufa kabisa. Kazi hiyohiyo ukiifanya Mei ni kupoteza jasho, maana zitashika tena kabla hujanawa mikono.

Kuhusu kugawa, tuanze na agapanthasi, kwa kuwa karibu kila boma la Nakuru linayo na karibu kila moja imepitwa na wakati. Ikikaa miaka mitano au sita bila kugawanywa, mizizi husongamana, maji hayapenyi katikati, maua hupungua mwaka hadi mwaka. Siku moja kabla, mwagilia vizuri. Chomeka jembe uma sentimita 30 kutoka kwenye majani, pande zote nne, kwanza kulegeza, kisha kuinua. Fundo la miaka sita ni la watu wawili, msivunje migongo. Liwekeni juu ya gunia mwagilie maji kwa mpira hadi mizizi ionekane. Hapo tazameni kwa makini: mzizi wa agapanthasi ni mweupe, mnono, laini, unene wa penseli au zaidi, na hauna vifundo. Ukiona uzi mwembamba mgumu wenye vifundo na ncha kali kama sindano, umepita ndani ya mizizi hiyo, ni sangari. Ifuatilie hadi mwisho wake na uitoe yote. Ukiacha kipande cha kidole kimoja, utakuwa umepanda sangari kwa mkono wako na kuinyunyizia maji.

Kata fundo kwa kisu kikubwa au panga lenye makali, kila kipande kikiwa na vichwa vitatu hadi vitano vya majani. Kipande cha kichwa kimoja huishi, lakini kitakuchelewesha miaka. Punguza majani yabaki sentimita 15, kwa sababu mizizi iliyokatwa haiwezi kuyalisha majani yote. Panda vitovu vikiwa sentimita 3 tu chini ya udongo, nafasi ya sentimita 40. Usitarajie maua msimu wa kwanza. Wengine wakiona hivyo humwaga mbolea ya CAN. Naitrojeni ile italeta majani ya kupendeza na hakuna fimbo hata moja ya maua.

Kana ni rahisi. Vipande viwe na macho mawili au matatu, sentimita 8 chini, nusu mita kati yake. Jani lenye unga wa rangi ya chungwa upande wa chini lina kutu: likate ulichome, usilitupe kwenye mboji. Jani lenye michirizi ya njano inayofuata mishipa ni virusi. Hapo hakuna dawa, ng'oa shina lote. Kwa sababu virusi hivyo husafiri kwa makali ya kisu, chovya kisu kila baada ya shina moja katika dawa ya kufulia yenye klorini, sehemu moja kwa tisa za maji.

Deizi kubwa nyeupe hufa katikati na kubaki hai pembeni, kama kata ya kubebea mtungi. Tupa katikati bila huruma, panda pembe za nje. Jerbera nyingi huuawa na kina: kitovu kikizikwa, maji hutuama na kuoza kunaanza hapo, kwa hiyo kiache sentimita moja juu ya udongo hata kama kinaonekana uchi. Lavenda ikatwe theluthi moja ya sehemu ya kijani tu. Ukiingia kwenye mti mkavu usio na jani, hauchipui tena. Jeraniamu zisigawanywe, zichukuliwe vipandikizi vya sentimita 10, vikaushwe kivulini nusu siku, vipandwe kwenye udongo uliochanganywa na mchanga, na visifunikwe plastiki, la sivyo shina huwa jeusi kutoka chini na mche hulala.

Udongo wetu wa jivu la volkano ni mwepesi na haukai na maji. Debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba hufanya tabaka la sentimita 2, na linatosha. Mbolea ya kuku iwe robo ya hiyo, tena iliyokaa miezi mitatu, maana mbichi huunguza mizizi. Wa Ahero na nyanda za Kano, tatizo lenu ni kinyume: udongo mweusi unaopasuka sasa utageuka tope Mei. Inueni matuta sentimita 25, na msigawe chochote udongo ukinata kwenye jembe.

Wa magharibi mna hazina ambayo sisi wa huku tunaionea wivu, tithonia, yale maua ya njano ya uani ambayo Waluhya huyaita maua amalulu na Wajaluo maua makech, yote mawili yakimaanisha maua machungu. Utafiti uliofanywa Maseno ulionyesha kwamba jani lake kavu lina naitrojeni ya asilimia 3.5 hivi na potasiamu ya asilimia 4. Kata kilo 2 hadi 3 za majani mabichi kwa mita ya mraba, uyachanganye na udongo wa juu wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Chukua majani na ncha laini tu. Shina lake gumu ukilifukia linachipua, na baada ya hapo hutakuwa na bustani ya maua, utakuwa na ua wa tithonia.

La maji ni fupi ila linawahusu sana watu wa Nakuru. Visima virefu vya hapa vina floridi nyingi. Gladiola, drasena na ule mmea wa majani membamba yenye milia unaoning'inizwa barazani huungua ncha kwa maji hayo. Mwenye bustani hudhani ni kiu, anaongeza maji yaleyale, ncha zinazidi kuungua. Mimea hiyo michache ipewe maji ya tenki la mvua. Mingineyo itavumilia.

Baada ya kugawa, kila kipande kipate lita 5 siku ileile, kisha mara mbili kwa wiki mvua ikikatika, kwa wiki sita. Matandazo yawe sentimita 5, yasiguse kitovu. Yasitoke kwenye mashine ya kukatia nyasi ya Kikuyu, kwa sababu kila kipande cha nyasi hiyo chenye kifundo kitashika.

Pale mlangoni kuna mfuko wa karatasi wenye mbegu za leonotisi ya kudumu. Kijiko kimoja cha chai kwa kila mtu, tafadhali, na aliye na trei ndogo achukue nusu.